Waya Unaokula Sauti

Ka. Vidole vitatu vilivunjika, lakini Norbert alisikia mlio mmoja tu, mkavu, kama wa kijiti cha muhogo kinapokanyagwa. Miaka kumi na mmoja imepita na mlio huo haujamtoka sikioni. Aliyeutoa ni Blanchard, kwa mguu wa chuma wa mikro, ule unaobeba kipaza sauti, nyuma ya jukwaa la baa moja hapa Kalemie, kwa sababu watu walimshangilia mpiga gitaa wa pili wakamsahau wa kwanza, yeye.

Wa pili alikuwa Norbert. Alizaliwa Zongwe, mtoto wa wavuvi, na gitaa alijifunzia Mpala katika kwaya ya misheni. Alipofika mjini wanamuziki walisema mkono wake wa kushoto una maji ndani, jinsi ulivyoteleza juu ya nyuzi. Baada ya siku ile vidole vilipona vimepinda kama tangawizi. Havikubana tena waya wowote. Blanchard naye akahamia Lubumbashi, na hakuna aliyemuuliza neno.

Norbert hakurudi Zongwe. Alichokosa mkononi alikitafuta sikioni. Leo bendi ndogo ikitaka gitaa lake lisikike vizuri mbele ya watu, humwita yeye. Ampli, sanduku linalokuza sauti ya gitaa, huipandisha juu ya kreti mbili tupu za bia na kuiinamisha nyuma kidogo, imtazame mpigaji usoni, maana mpigaji asiyejisikia huongeza sauti mpaka anawafunika wenzake. Mikro haiweki katikati ya spika, kwenye ukali. Huisogeza pembeni kiasi cha vidole viwili. Sauti nzito za chini hulipunguzia gitaa, ampe mpiga besi nyumba yake.

Na kabla ya yote hayo hupigilia nondo kwenye mchanga, huumwagia maji, kisha huifunga nondo ile kwa waya na ampli pamoja na meza ya sauti. Ampli kuukuu huvuja umeme. Bila waya ule gitaa hunguruma kama mbwa, na mpigaji akigusa mikro kwa mdomo huku ameshika nyuzi, umeme hupita mwilini mwake.

Jumamosi ile walikuwa na arusi mchana, katika ua ulio karibu na ziwa. Norbert alikuwa amepiga magoti anapigilia nondo, Mama Huguette, mwimbaji na mwenye bendi, alipokuja kusimama karibu yake.

"Steve ameanguka malaria," alisema. "Nimepata mupiga solo mwingine. Ametoka Lubumbashi juzi."

Norbert hakuuliza jina. Uso wa Huguette ulikuwa umekwisha kulitaja.

"Ni leo tu, Papa Norbert. Bibi arusi ni mutoto wa dada yangu."

Blanchard aliingia na viatu vyeupe na tumbo jipya. Alimtazama Norbert pale chini.

"Eh, ungali muzima? Mukono iko aje?"

"Iko."

"Sasa unapiga misumari. Ni vizuri. Kila mutu na kazi yake."

Katika wimbo wa pili, Cédrick, mpiga besi, alichelewa kidogo kuhamia noti nyingine. Wimbo ulipokwisha Blanchard alimgeukia, akampiga kofi lililompasua mdomo. Damu ilidondoka juu ya shati jeupe la bendi. Wageni wa mbele walicheka, wakidhani ni mchezo wa wanamuziki. Cédrick alijifuta kwa mkono wa shati akashika besi yake.

Kisha Blanchard aliigeukia ampli. Gitaa lake, alisema, lina sauti ya mgonjwa. Akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye nondo.

"Hiyi waya njo inakula sauti yangu. Unaipeleka ndani ya udongo ya nini? Funza njo watacheza?"

Norbert alijua ni imani ya wapiga gitaa wengi. Alisema, "Papa Blanchard, wacha iyo waya. Ampli inavuja."

Blanchard aliung'oa. Akaukunja, akautupa nyuma ya turubai. "Ukiigusa tena, navunja mukono wa kuume."

Norbert alimwonya mara moja. Onyo la pili alilimeza.

Sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, ikaanza. Blanchard alifungua sauti mpaka mwisho na ua mzima ukainuka. Mama wa bwana arusi alitoka na kitambaa kichwani akicheza. Blanchard akataka kulitupa hewani jina la mjomba mmoja wa arusi, mtu mkubwa, amsifu ili atoe pesa, akainamia mikro ya Huguette. Mdomo wake ukagusa chuma.

Hakutoa jina. Mwili ulikazika kama kamba ya nyavu inapovutwa. Meno yalibana mikro, mkono ulibana shingo ya gitaa, magoti yakatetemeka upesi upesi.

"Muangalie, anacheza uyu papa," mwanamke mmoja alisema, na makofi yakajaa ua.

Norbert alielewa kabla ya mtu yeyote. Plagi ya jenereta ilikuwa hatua moja kutoka mkononi mwake. Alivitazama vidole vya Blanchard, ngozi ikigeuka nyeupe juu ya nyuzi. Macho yalimgeukia yeye, yakamwona, yakaomba. Watu walipiga makofi mzunguko mzima wa wimbo. Norbert alisimama palepale. Harufu ya nywele zilizoungua ilimfikia, na bado alisimama.

Aliyesogea ni Cédrick. Mdomo wake bado ulitoka damu. Aliitupa besi akanyoosha mikono yote miwili kumshika Blanchard.

Hapo ndipo Norbert alipoing'oa plagi.

Kimya kiliangukia ua. Blanchard alianguka kifudifudi juu ya kreti, jino likaruka, damu ikaingia mchangani. Alikuwa anapumua. Vidole vya kushoto vilikuwa vimechorwa mistari sita myeusi. Wanaume wawili walimbana katikati yao juu ya pikipiki wakampeleka hospitali, naye akilia kama mtoto.

Huguette alimshika Norbert mabega.

"Mungu akubariki, Papa Norbert. Bila mbio yako tungezika mutu siku ya arusi."

Norbert alimtazama Cédrick aliyekaa chini, mikono yake mizima juu ya magoti. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Huguette ilibidi ainame kuisikia:

"Sikukuwa na mbio, Mama."