Maji ya Pete ya Akiki

Kule Zegereni, mashine za kiwanda zinapokata mawe ya sakafu huku zikimwagiwa maji, hutoka harufu ya vumbi bichi. Nikipita hapo, wallahi, koo hunikauka. Nakuwa tena Kisarawe, mtoto wa shule ya msingi, nimesimama mlangoni kwa Bibi na glasi mkononi.

Ndani ya glasi ilikuwamo pete ya marehemu Babu, ya fedha, yenye jiwe la akiki. Mdogo wangu Zuhura alikuwa na homa. Hospitali tulienda, dawa alipewa, lakini maji hakutaka hata kuyaona. Nesi alituonya kwamba asipokunywa tutampoteza. Hapo ndipo Bibi alipoivua pete kidoleni na kuitumbukiza.

“Kunywa, mke mwenzangu. Haya maji ya mume wetu.”

Zuhura alicheka kwa midomo iliyokauka. Aliiangalia ile mistari ya jiwe, myekundu, myeupe, myekundu tena, kisha akanywa. Tangu siku hiyo, akiletewa maji yasiyo na pete alisema, “Hayo wapeni kuku!”

Mimi niliamini jiwe ndilo linalomponya. Nililisugua kwa chumvi ili lizidi nguvu. Alhamisi moja jioni Zuhura alimaliza glasi nzima, akasema, “Niongeze.” Bibi alipiga vigelegele, nyumba nzima ikacheka. Asubuhi yake hakuamka.

Jamani, niliichukia ile pete! Nilimwambia Bibi jiwe lake ni la uongo. Aliipangusa kwa upindo wa kanga, akaivaa.

Mambo ya mawe nilijifunza ukubwani. Akiki ni aina ya kalsedoni, jiwe gumu la urembo. Uji wa moto wa volkeno ukipoa, huacha vitundu vya hewa ndani ya mwamba. Maji yenye madini ya silika hupenya humo polepole na kuacha utando mwembamba ukutani, kisha utando mwingine juu yake, kutoka nje kwenda ndani, kwa miaka isiyohesabika. Chuma kidogo ndicho huupa mstari wekundu. Basi jiwe lile lilijengwa na maji, ila lenyewe haliyarudishii kitu. Liloweke mwaka mzima, utakunywa maji yaleyale ya mtungini. Siku niliyoyasoma hayo nilijiona mshindi: si nilisema!

Juzi mwanangu alishikwa na homa, hapa kwangu Misugusugu. Akakaza meno, maji hataki. Nilibembeleza, nikafoka, nikaishiwa. Mwisho nikafungua sanduku, nikaitoa pete aliyoniachia Bibi, nikaitia kwenye glasi. Mtoto akaikodolea macho ile mistari, akapiga funda la kwanza.

Kumbe Bibi alilijua jiwe lake tangu mwanzo. Alichokuwa akikitafuta ni hilo funda tu.

Mwanangu akaniletea glasi tupu, pete ikigonga ndani yake. “Mama, niongeze,” akasema. Nikamwongezea, kisha nikageukia ukutani nikalia.