Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Nyanya yangu alikuwa na ugonjwa, au ndivyo nilivyodhani. Ukimuuliza jambo, alibana midomo akavuta pumzi ghafla, "shhup!", kama mtu aliyekanyaga maji baridi, kisha akanyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, miaka ya themanini ndiyo imeanza, na katika Stockholm nzima hakuna kilichonitia udadisi kama pumzi ile.

Alikuwa mama wa baba yangu. Waswidi wana neno la mama wa baba na jingine la mama wa mama. Mambo ya ukoo hawabahatishi. Mimi nilimwita nyanya tu, kama tunavyosema Nakuru, na nilipomweleza kwamba nyanya ndiyo hiyo hiyo ya kutia kwenye mchuzi, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Tangu siku hiyo nyanya hazikukosekana mezani kwake, kitongoji cha Jakobsberg. Alizaliwa kaskazini ya mbali, kando ya mto ambako baba yake aliongoza magogo majini. Akaja mjini msichana mdogo kufanya kazi za nyumbani kwa watu, halafu akapiga pasi mashuka ya hospitali hadi akastaafu. Haya yote niliyapata kwa kuuliza. Usipomuuliza, hasemi. Sasa hayupo, na najilaumu kwamba sikuuliza zaidi.

Baba, mwanawe wa pekee, alikuja Kenya kuchimba visima, akamwoa mama. Alipofariki, mama alimwandikia mkwewe barua, akanichukua, tukasafiri. Tulifikia kwanza mtaa wa Skärholmen kwa rafiki yake, muuguzi Mganda aliyefanya kazi hospitalini Flemingsberg. Huyo ndiye aliyemfundisha mama sentensi moja ya Kiswidi, na mama akaikariri safari nzima ya treni kwenda kwa nyanya. Tulipofunguliwa mlango, hata koti hajavua, akaitoa: "Mama, tunaweza kukaa na wewe?"

Nyanya akavuta pumzi. "Shhup!"

Mama akasubiri. Hakuna kilichofuata. Akatabasamu kwa taabu, akasema kwa Kiingereza usijali, tuna pa kukaa, tumepita kukusalimu tu. Tukanywa kahawa na maziwa, tukarudi Skärholmen.

"Ungemwona alivyoshtuka!" mama alimwambia rafiki yake. "Kama ameona nyoka sebuleni."

"Bambi! Pole sana, nyabo," akasema Mganda, akichanganya na Kiganda chake. "Labda nyumba ni ndogo."

Mama hakuuliza tena. Kwetu mgeni haombi mara mbili. Ni mwenyeji anayerudia karibu, karibu, karibu, mpaka uone haya kusimama. Kwa hiyo tulilala kwenye sebule ya watu karibu mwaka mzima. Mama alisafisha ofisi, na Jumamosi aliniacha kwa nyanya. Kichwani alikuwa amekwisha amua: shule zikifungwa, tunarudi Nakuru. "Mtu hakai asikotakiwa," alisema. Mimi sikutaka kwenda. Nilimpenda yule mzee, na pia nilimkasirikia. Kama yeye hatutaki sisi, mbona ananishika mkono kwa nguvu vile tukivuka barabara?

Jumamosi moja dada yake nyanya akapiga simu kutoka kaskazini. Nikajikunyata chini ya meza nikisikiliza.

"Shhup," akasema nyanya. Kimya. "Shhup." Kimya kirefu. "Shhup, shhup."

Kisha akaaga, akaweka simu chini, uso umeridhika kabisa. Nikajiuliza: kama huku ni kushtuka, mbona ameshtuka mara nne kwa simu moja na hakuna aliyekufa?

Nikaanza uchunguzi wangu hapo hapo. Kiswidi nilikuwa nacho tayari, cha shuleni. Hata mama nilimjibu kwa Kiswidi, akaudhika.

"Nyanya, hii ni kahawa?"

"Shhup."

"Leo ni Jumamosi?"

"Shhup."

"Wewe ni mwanamume?"

"Hapana!" akasema kwa sauti kamili, akanitazama kama aliyetaka kunipima homa.

Swali lililobaki niliogopa kuliuliza, lakini nililiuliza. "Siku ile ya kwanza, mama alipouliza kama tunaweza kukaa na wewe?"

"Shhup," akasema. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimekodoa macho, akaongeza: "Nilimwambia ndiyo, kama tunavyoisema kwetu kaskazini. Akasema mna pa kukaa. Mtu mzima akishakataa, humsumbui."

Akainuka, akafungua chumba cha mwisho ambacho siku zote kilikuwa kimefungwa. Nilidhani kina vitu vya baba. Kulikuwa na vitanda viwili, kikubwa na kidogo, vimetandikwa, mashuka yamepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Nikamuuliza vimetandikwa tangu lini. Tangu barua ya mama, akasema, ila mashuka huyabadilisha kila baada ya wiki mbili, yasije yakashika vumbi.

Nililia. Nilikuwa na hasira na watu wazima wote wawili. Nilipotulia nikamweleza nyanya kwamba kwetu karibu haisemwi mara moja ikatosha. Inarudiwa. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayeelekezwa njia.

Alasiri mama akaja kunichukua. Nikamwaga habari yote pale pale mlangoni, kwa Kiswahili, maneno yakigongana. Hakuniamini. Nikamvuta hadi kile chumba. Akagusa mto wa kitanda kidogo, akasimama muda mrefu amenipa mgongo. Kisha akapita mbele yetu, akatoka nje, akafunga mlango. Nikajua tumekwisha.

Mlango ukabishwa.

"Hodi," akaita mama.

Nyanya akafungua. Mama alikuwa amesimama wima, koti limefungwa vifungo vyote, macho mekundu. Akasema sentensi yake ile ile ya kwenye treni: "Mama, tunaweza kukaa na wewe?"

Nyanya akanitupia jicho, kuhakikisha hakosei.

"Shhup," akasema. "Shhup. Shhup."

Mama akavua viatu.