Tablo ya Papa Ferdinand

Mtaani Murara, Viateur Havugimana alijulikana kama mtu anayevalisha magari. Alichukua plastiki za ndani ya gari, kama vile tablo iliyo mbele ya dereva, akazisugua kwa msasa na kuzipaka rezini nyeusi, gundi inayokuwa ngumu ikikauka. Rezini ilipoanza kunata, alilaza juu yake kitambaa cha nyuzi za karboni. Kisha rezini nyingine, msasa wa maji, rezini tena, mpaka gari la kubebea maharage likawa na uso wa gari la waziri. Injini ilibaki ile ile. Hilo halikumsumbua mtu.

Zamani alikuwa na karakana upande wa Buhene. Volkano ya 2021 ilipita juu yake ikaacha jiwe jeusi, na Viateur alipokwenda kuliona alisema tu kwamba halikusuguliwa vizuri. Tangu hapo alifanyia kazi chumbani kwake, ndani ya chandarua cha kitanda, kwa sababu chembe moja ya vumbi kwenye rezini mbichi ilimrudisha mwanzo. Mkewe Athanasie alisema aliolewa na mtu, sasa analala na kopo la gundi.

Kazi yake bora ilikuwa tablo ya Papa Ferdinand, muuza maharage. Nyuzi zake zilikutana katikati bila kupinda, kama mifupa ya samaki. Kila mteja mpya alipelekwa kwanza kuitazama.

Mwanzoni mwa 2025, vita vilipokaribia Sake, mji wa jirani, watu walisema kwamba wenye bunduki wanachukua magari mazuri na kuyaacha mabovu. Ferdinand alifika asubuhi na gari lake.

“Muzee Viateur, hii gari inapendeza mubaya. Uniharibie.”

“Nitoe karboni?”

“Toa, paka matope, fanya vile unajua. Ikuwe kama gari ya mwalimu.”

“Si weye uliomba ya waziri?” Athanasie akauliza.

“Mama, leo ata waziri angeomba ya mwalimu.”

Ferdinand aliliacha gari uani akaenda kuficha magunia yake. Viateur alijua kwamba akiipitishia msasa mkavu ile tablo, kazi yake imekufa. Basi aliipaka nta kwanza, ili rangi isishike na siku moja itoke bila kuumiza kitu. Juu ya nta akapaka rangi ya kahawia iliyofifia, na juu ya rangi akanyunyiza vumbi la volkano, lile lile alilopigana nalo miaka yote. Akachora nyufa, lakini upande wa kioo cha mbele tu, kwa kuwa plastiki hupasuka pale jua linapoipiga. Ubaya huo ulimchukua muda mrefu kuliko uzuri.

Mji ulipokwisha kuchukuliwa, vijana watatu wenye bunduki waliingia uani kutafuta magari. Mmoja aliketi nyuma ya usukani, akatazama nyufa, akakwaruza kwa ukucha. Nta ilifanya kazi yake vizuri mno: rangi ikabanduka, na chini yake kitu cheusi kikang'aa.

“Hii ya chini ni nini?”

Viateur alifungua mdomo. Alikuwa amengoja maisha yake yote mtu amuulize swali hilo. Athanasie alimtangulia.

“Ni kitambaa, mutoto wangu. Plastiki ilizeeka, tukabandika kitambaa na gundi.”

Kijana akawaita wenzake. “Mukuje muone. Gari imevaa kiraka.” Walicheka mpaka wakaegemea mlango. “Na fundi ni nani?”

“Ni huyu bwana yangu.”

“Pole, muzee. Ungeacha tu plastiki yake.”

Wakatoka kwenda kwa jirani.

Ferdinand aliposikia, alituma gunia la maharage, kwa jina la Mama Athanasie. Maharage yalipoiva, Viateur hakugusa sahani.

“Kiraka,” akasema.

“Mi nilisema kitambaa. Kiraka alisema yeye.”

“Na haukumurekebisha.”

“Gari iko wapi?”

“Iko pale inje.”

“Basi kula.”

Viateur alikula. Alipomaliza alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, akatoka uani kuangalia kama ukucha wa yule kijana ulifika kwenye nyuzi.