Mbwa Aliyenukia Pilau

Mbwa wetu alianza kunukia pilau siku ya Jumatatu.

Msicheke. Ilikuwa miaka ya tisini, tunaishi Buyangu, na pilau yenyewe ilikuwa haijaonekana kwangu tangu arusi yangu.

Mbwa aliitwa Bosi. Alikuwa mzee, magoti yamekakamaa kwa baridi yabisi, akijaribu kusimama analia. Shemeji yangu Were alishatafuta rungu.

"Mbwa hawezi simama ni wa kuzika. Nawapea mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Nilimpenda yule mbwa kuliko Were, tena kwa mbali.

Nikamwambia mume wangu, Cleophas, tumwite Shikanga, daktari wa mifugo. Akanicheka.

"Shikanga ni wa ng'ombe! Wazungu wanapeanga mbwa unga wa viungo kwa chakula. Mtalii mmoja ameniambia."

Cleophas alikuwa akitembeza watalii msituni. Tangu aongee na wazungu wawili, sisi wengine tulikuwa nyani tu.

Akaenda Kakamega mjini, kwa mama mmoja wa Mumias aliyekuwa na duka karibu na msikiti. Huko akatoa Kiswahili chake cha redio. Mama mwenyewe alinisimulia baadaye, ameshika mbavu.

"Mama, una unga wa viungo?"

"Upo, baba. Mkali, wa Mombasa."

"Kipimo?"

"Inategemea nyama. Uko na kilo ngapi?"

Bwana akakadiria uzito wa Bosi. "Kama ishirini."

"Mashallah! Ni arusi?"

"Hapana. Ni mzee wetu, hawezi kusimama."

"Pole. Basi mpikie vizuri."

Kila jioni Cleophas akawa anamwaga ule unga kwenye obusuma, ugali wa Bosi. Bosi anakula, halafu anatapika.

"Dawa inasafisha," anasema bwana mkubwa.

Kusafisha nini, jamani? Mbwa alibaki mifupa!

Na hakuishia hapo. Akaanza kuukoroga kwa maji moto, anakunywa mwenyewe kwa ajili ya goti lake lililokuwa likimsumbua. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Goti limepona! Napanda kilima cha Buyangu kama kijana!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Wiki ya mwisho wa mwezi Bosi hakuweza hata kuinua kichwa. Roho iliniuma. Nikafunga unga kidogo kwenye karatasi, nikaenda kwa yule mama.

"Hii dawa yako inaniulia mbwa."

Akanusa. "Dawa gani? Hii ni bizari ya pilau."

"Si ni unga wa viungo?"

"Ndiyo, viungo! Mdalasini, iliki, karafuu. Kwani wewe ulitaka viungo gani?"

Nikagusa goti langu. Mama akakaa chini kwa kucheka.

Mimi sikucheka. Nilienda moja kwa moja kwa Shikanga. Akaja, akampa Bosi tembe, akasema alale juu ya magunia mahali pakavu. Ijumaa Bosi akasimama. Akachechemea mpaka kwa Were, akamnusa miguu. Were akalirudisha rungu nyumbani kwake.

Nikamweleza Cleophas kila kitu. Akajipapasa goti.

"Lakini langu lilipona."

Bosi, asiyejua kusema, alituambia ukweli kila jioni kwa kutapika. Mwenye Kiswahili cha redio akapigiwa makofi kanisani.

Kwa hivyo ndugu zangu, ukienda kutafuta dawa, taja ugonjwa na utaje mgonjwa. Na kama una mume kama wangu, nenda mwenyewe.