Kopo la Mvua na Shamba la Dada

Kazi yangu kwa mlowezi mmoja wa Kijerumani, chini ya milima ya Uluguru, ilikuwa kupima mvua. Kila asubuhi niliteremsha kopo la bati kutoka juu ya nguzo, nikamimina maji katika chupa yenye mistari, nikaandika kilichosomeka. Herufi za Kizungu nilijifunza mwenyewe kwa kunakili maandishi ya magunia. Hesabu nilikuwa nayo tangu chuo cha Kurani. Nilikuwa mtu wa kuamini kilichoandikwa.

Baadaye nilianza kupima kitu cha pili, ambacho hakuna aliyeniagiza. Kando ya shamba la dada yangu palikuwa na kivuko cha kijito, na kwenye jiwe la kivukoni nilichonga alama tatu kwa ncha ya panga. Dada alikuwa mkubwa wangu, mjane. Kile kipande cha bondeni alipewa na mjomba wetu, maana kwetu ardhi ni ya upande wa mama na mjomba ndiye anayegawa. Alilima mpunga na maharage. Hakuwa na shamba jingine.

Mwanzoni maji ya kiangazi yalifika alama ya juu. Kisha reli ikafika Morogoro, gari moshi likawa linakula kuni, na marundo ya magogo yakapangwa kandokando ya njia tangu Ngerengere. Watu wetu ndio waliokata. Huko juu serikali iliweka mipaka ya msitu na kuwatoa waliolima ndani yake. Hao wakashukia miteremko iliyobaki, wakafyeka na kuchoma ili wapande mahindi. Sikumlaumu mtu. Kila mmoja alikuwa na kodi na watoto.

Kiangazi kilichofuata maji yalifika alama ya kati, na kingine tena, ya chini. Lakini wakati wa masika kijito kililifunika jiwe zima, chekundu kwa udongo, na baada ya siku mbili kikawa kimeshuka. Dada akaniuliza kama ahame. Mjomba alikuwa bado na kipande kimoja cha kumpa, juu mlimani, ila angekiacha kile cha bondeni, kingepewa mtu mwingine.

Nilikwenda kwenye daftari langu nikalinganisha masika mapya na yale ya mwanzo. Tofauti ilikuwa ndogo mno.

"Baki," nikamwambia. "Mvua ni ileile."

Akacheka. "Wenzio wana wake wawili, wewe umeoa kopo. Haya, nimemsikia wifi yangu."

Akapanda kwa neno langu.

Mwaka ule mvua haikuwa kubwa. Naweza kuapa, maana niliipima. Ilinyesha siku tatu, na asubuhi ya nne nikamkuta dada amesimama ukingoni, jembe mkononi. Shamba lote lilikuwa chini ya mchanga na mawe, mpunga hauonekani hata ncha.

"Kopo limesemaje leo?" aliuliza.

Nilimtajia kilichosomeka. Akaitikia kwa kichwa, bila kejeli.

Kopo hueleza kinachoanguka kutoka juu. Halielezi majani yanazuia kiasi gani, wala udongo wa chini ya miti unakunywa kiasi gani na kukitoa polepole hadi kiangazi. Halielezi pia kinachoteremka kwa kasi mlima ukiwa mtupu, kikiuchukua udongo wenyewe. Nilipima mwanzo wa safari ya maji, nikadhani nimeipima yote.

Tulikwenda kwa mjomba. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza habari hiyo, na kwamba kile kipande cha mlimani bado kina miti, kisiguswe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa," alisema. "Sasa dada yako nimpeleke wapi?"

Tulikwenda kwenye kile kipande cha mlimani.

Shoka nilishika mimi, kwa kuwa dada umri ulikuwa umekwenda. Tulikata, tukachoma, tukalima. Upande wa chini niliacha safu ya miti ili izuie udongo, lakini kabla ya masika ilikuwa imekwisha kuwa kuni za watu. Dada alisema nisigombane nao, nasi tumekata.

Mvua zikaanza. Baada ya ile ya kwanza niliandika kipimo, kisha nikaenda kivukoni. Jiwe halikuonekana. Maji yalikuwa mekundu, na sehemu ya wekundu ule sasa ilikuwa yetu. Mbele ya kivuko mwanamke wa ukoo mwingine alikuwa akiinua tuta la shamba lake kwa vikapu vya tope. Aliponiona aliniuliza, maadamu mimi ndiye mpimaji, kama mwaka huu apande.

Nikamwambia asipande. Akainama, akaendelea kujaza kikapu chake.