Mzee wa Kwenye Fulana

Siku ile naikumbuka kwa baridi yake kwanza, mwanangu, mengine yanafuata. Ilikuwa Juni, kijijini kwa bibi, nje ya mji wa Iringa. Saa mbili asubuhi, wakati hata mbwa walikuwa hawajatoka jikoni, mimi nilivua sweta ili tu watu waione fulana yangu.

Usicheke. Najua bado hujazaliwa. Mimi mwenyewe ni msichana wa kidato cha nne hapa Iyunga, Mbeya, na kutoa nasaha ni kazi ya wazee. Lakini nimewasikia wazee wakisimulia ujana wao, naona wengi wameshasahau aibu yenyewe, wamebaki na fundisho tu. Mimi aibu yangu bado ninayo, masikio yanawaka hadi leo. Ndiyo maana nakuandikia sasa hivi kwenye daftari hili, kabla sijawa mtu mzima wa kujifanya nilikuwa na akili tangu zamani.

Mama yangu anauza mitumba hapa Mbeya, soko la Soweto. Nimekulia juu ya belo, yale marobota ya nguo yaliyofungwa kwa kamba. Siku ya kufungua belo jipya nilikuwa naisubiri kuliko Krismasi. Mama anakata zile kamba, nguo zinafumka kama zilikuwa zimebana pumzi, na harufu inatoka, ya dawa na vumbi la mbali. Mimi niliiita harufu ya Marekani. Mteja akiuliza, "Hii ya wapi?", mama alisema, "Ya Marekani hiyo, shika uone," na mteja alishika kwa adabu, kama kitambaa chenyewe kina cheo. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza nani aliivaa. Kwenye simu ya mama nilikuwa natazama video za wasichana wa kule wakifungua maboksi, boksi baada ya boksi, viatu hivi hawajavivaa wanaagiza vingine. Nikaona nchi ambayo dunia nzima inaiogopa, basi ukubwa wake ndio huo: kuwa na vitu mpaka vingine uvitupe vifike kwetu.

Fulana yangu ilitoka kwenye belo la mwaka nikiwa kidato cha pili. Nyeusi, nzito, mbele ina picha ya mzee mmoja amevaa kofia ya pama, anatabasamu, nyuma yake mawingu na mwanga. Chini kulikuwa na maneno ya Kiingereza kwa herufi za kujiviringisha, nusu yamebanduka. Niliyoweza kusoma ni kuchomoza kwa jua, na tarehe, halafu kuzama kwa jua, na tarehe nyingine. Maneno ya mgongoni sikuyaelewa. Nikajua ni mwanamuziki. Nikajua kabisa hizo ni tarehe za maonyesho yake, la kwanza na la mwisho. Nikaificha chini ya godoro mama asije akaiuza.

Sasa, siku ile tulikuwa tumekwenda kumwekea babu msalaba wa saruji, mwaka mmoja baada ya kumzika. Bibi, mama yake mama, alikuwa amenichagua mimi nisome wasifu wa marehemu mbele ya watu. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali naangalia dawati! Lakini babu alikuwa akiniita mke wangu, na bibi ananiita mke mwenzangu, kwa hiyo kwa utani wa nyumbani kwetu nilikuwa mjane mdogo, na bibi alisema mjane ndiye asome. Na mimi nilitaka, mwanangu. Nilitaka mno. Siku ya mazishi nilijificha ghalani, sikumsemea babu hata neno moja. Hii ilikuwa nafasi yangu ya pili, na sikuamini kama sauti itatoka. Ndiyo maana ya ile fulana. Nilitaka nguo inisemee.

Nikasimama kando ya kaburi, karatasi mkononi. Mjomba wangu, mdogo wake mama, anafundisha Kiingereza shule moja kule Makongolosi. Akanitazama kifuani. Akasogea. Akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza, halafu akacheka kwa sauti.

"Jamani! Mjane mdogo kaja kwa mumewe na picha ya mwanaume mwingine!"

Watu wakaangua kicheko, hata katekista. Na mimi nikacheka, sijui nacheka nini.

"Na huyo mwanaume naye ni marehemu," mjomba akaendelea. "Shuleni mnasoma nini nyie? Hii ni fulana ya msiba. Kuchomoza ni siku aliyozaliwa, kuzama ni siku aliyokufa. Umevaa msiba wa watu, mtoto wewe! Lete karatasi, nasoma mimi."

Kicheko kikakatika. Nikamsikia mama akinong'ona, "Mungu wangu." Mkono wangu ulishaanza kuitoa ile karatasi.

"Subiri," bibi akasema.

Aliinuka kwenye mkeka polepole, akaja akaishika fulana kwa pindo, akaitazama ile sura.

"Kamwene, baba," akaiambia. Aliisalimia kwa Kihehe, kama anavyomsalimia mgeni aliyefika mlangoni. Kisha akamgeukia mjomba. "Anaitwa nani?"

"Jina limebanduka, mama."

"Ana watoto?"

Mjomba akanigeuza, akasoma mgongoni. "Wanasema wajukuu hawatamsahau."

Bibi akalinyoosha lile pindo. "Halafu wakaitupa?"

"Ah, mama, wale wana vitu vingi. Wanatupa mpaka vitanda. Taifa kubwa, lakini ndiyo hivyo." Akatikisa kichwa, na wengine nao wakatikisa vichwa, tena kwa raha kidogo, maana si kila siku unapata nafasi ya kuisikitikia Marekani.

"Mimi nikiwa mdogo," bibi akasema, "merikani ilikuwa jina la kitambaa. Kile cheupe kigumu, tunanunua dukani kwa Mhindi. Mama yangu tulimzika nacho. Sikujua kama kuna nchi." Akamtazama mama. "Nenda jikoni kaniletee kitambaa cha kuepulia sufuria."

Mama akaenda. Alikileta amekikunja kwenye ngumi. Bibi akakikunjua mbele ya watu wote. Kilikuwa fulana nyeupe, imejaa masizi na mafuta, na katikati sura ya babu, jicho moja limeungua. Ni moja ya zile ambazo mjomba mwenyewe alizichapisha kwa ajili ya mazishi, tukavaa wote, tukapiga picha, kabla sijakimbilia ghalani.

"Wale wametupa mbali," bibi akasema. "Sisi tumetupia jikoni."

Hakupandisha sauti. Mjomba akaangalia viatu vyake.

"Atasoma huyu huyu. Na huyo mgeni akae hapo hapo kifuani, asikilize."

Nikasoma. Wasifu ule aliuandika mjomba, na ulikuwa umejaa vitu alivyonunua babu: bati, pikipiki, televisheni ya kwanza pale kijijini. Nilipofika kwenye televisheni nikakwama. Haikuwa aibu safari hii. Niliona tu kwamba babu mwenyewe hayumo. Nikaikunja karatasi, nikasema, "Babu alikuwa ananiachia ukoko wa ugali. Anaukwangua mwenyewe, anaufunika na sahani, ananikonyeza."

Bibi akapiga makofi. "Kumbe! Kila siku namuuliza ukoko uko wapi, ananiambia amewapa kuku!"

Watu wakacheka, na bibi akaanza kulia huku bado anacheka. Mjomba akaniwekea mkono begani. "Endelea, mjane," akasema, na sauti yake ndiyo iliyotetemeka, si yangu. Nikaendelea mpaka jua likapanda, na sikusikia baridi.

Kesho yake bibi alizifua fulana zote mbili kwa mkono wake, akazianika kamba moja. Zilipokauka alizikunja pamoja akaziweka sandukuni. Naikumbuka ile kamba, wazee wawili wasiofahamiana wanapepea pamoja kwenye upepo wa Iringa, na natamani ningekaa pale siku moja zaidi.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mitumba vaa, ndiyo inayonisomesha. Marekani ukiipenda, ipende, wana watu wao wanaowalilia kama sisi. Ila usidhani nchi ni kubwa kwa sababu ina vingi vya kutupa, wala usijione mwema kwa sababu wewe huna. Siku ukivipata, mkono wako utatupa vilevile, usipouangalia. Na ukifiwa, kabla hujakimbilia kuchapisha na kununua, sema kitu kimoja cha yule mtu ambacho ni wewe tu unakijua. Kiseme hata kama watu wamekucheka dakika moja iliyopita.

Mungu akukuze taratibu. Akupe watu wa kukutania ukiwa hai, na wa kukutaja kwa jina lako lote utakapokuwa hupo. Na popote utakapokwenda, karibu au ng'ambo, ufike kwa watu watakaokuamkia kabla ya kuangalia ulichovaa. Amina, mwanangu.