Mbuzi au Kondoo

Kule Tetu, Nyeri, katika miaka ya sabini, akina mama waliujua mlio wa pikipiki ya Kahiga kuliko walivyoijua kengele ya kanisa. Ukisikika unapanda kilima cha Wamagana, utaona mtu anakimbilia shambani kung'oa maharagwe aliyoyaficha katikati ya kahawa, maana serikali ilikataza kuchanganya, na Kahiga ndiye aliyekuwa bwana shamba. Si kwamba alikuwa mkali. Taabu ni kwamba alikuwa mpole kupita kiasi. Akiyakuta maharagwe husimama, huyaangalia kwa huzuni, kisha husema, "Mama, hii kahawa inalia." Afadhali angefoka. Wengine waliyang'oa wenyewe kwa aibu kabla hajawasha pikipiki.

Alibatizwa Moffat, lakini jina hilo lilibaki kanisani. Mkewe, Wachuka, alimwita Baba Wangechi, kwa kifungua mimba wao, naye akamwita Mama Wangechi. Wachuka hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba kama ile pikipiki ya serikali ingejua kupika, yeye angekuwa amerudishwa kwao zamani. Kahiga alicheka tu na kuendelea kuipangusa.

Sasa, polisi wa barabara ya Othaya walikuwa na mwendo wao. Kituo chenyewe sikitaji, waliokuwapo wanakijua. Landrova yao haikutambua kona. Kona zilikuwa za watu wengine, kama vile foleni na kodi ya kichwa. Watu waliruka mitaroni, wakajipangusa matope, wakasema ni serikali imepita. Mtu akizoea kuruka mtaroni hufika mahali akafikiri mtaro ndio njia yake, na hilo ndilo linaloniudhi hata leo.

Asubuhi moja ya Julai, mwezi ambao ukungu hauondoki mpaka watu wamekunywa chai ya pili, Kahiga alikuwa akitoka Othaya kurudi kwake. Alishika kushoto, taa imewaka, mwendo wa mtu mwenye watoto. Mbele yake lori la maziwa lilikuwa likipanda kona polepole, likija. Nyuma ya lori, Landrova ya polisi ilishindwa kungoja. Ikachomoka, ikalipita lori palepale kwenye kona. Kahiga akaona taa mbili upande wake wa barabara, na hakukuwa na nafasi ya kwenda popote.

Alipopata fahamu alikuwa amelala kati ya mistari ya chai, mguu wa kulia umegeukia kusikofaa. Aliyemshika kichwa alikuwa dereva mwenyewe, Koplo Njiru, kijana kutoka upande wa Embu. Alirudia maneno yaleyale, "Pole, mzee. Pole, mzee." Kahiga hakuwa mzee, ila hakuwa na nguvu za kubishana. Kisha akasikia sauti nyingine kutoka barabarani, ya inspekta aliyekuwa amekaa mbele karibu na Njiru, mkubwa wa kituo.

"Koplo, wacha maneno mingi. Mtie nyuma, twende."

Plasta ilikuwa bado mbichi mguuni wakati inspekta huyo alipofika wodini na habari yake. Kahiga ndiye aliyekosa. Kahiga ndiye aliyehama upande wake na kuigonga gari ya serikali. Akipona ajitayarishe kwenda kortini Nyeri, kujibu shtaka la kuendesha ovyo. Alisema hayo kwa adabu, kofia mkononi, kisha akamtakia nafuu.

Kahiga aligeukia ukutani, machozi yakamtoka. Mguu ulimuuma, lakini si mguu uliomliza. Akipatikana na hatia atanyang'anywa leseni, na bwana shamba asiye na leseni hana kazi. Watoto wangetoka shule. Halafu juu ya hayo yote, angebaki maisha yake yote akiitwa mtu aliyejivunja mwenyewe.

Na mashahidi? Dereva wa lori alisema hakuangalia nyuma. Wachumaji chai waliokuwa hatua chache tu kutoka hapo walisema ukungu ulikuwa mwingi. Siwalaumu sana. Nani atamtaja inspekta kortini, halafu jioni apite mbele ya kituo chake akirudi nyumbani? Ilikuwa kesi ya nyani kupewa ngedere aamue, na kila mtu aliliona hilo.

Kahiga alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, anatembelea magongo, wakati Koplo Njiru alipotokea uani Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana. Hakuvaa sare. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwako mnyama.

"Hodi hapa."

Wachuka alitoka jikoni, mikono kiunoni. "Unataka nini tena? Mguu ule mwingine?"

"Mama, afande amenituma," alisema Njiru, macho chini. "Ati nimletee bwana shamba mbuzi ya supu, mifupa ishikane haraka. Ati ni ya kumuona mgonjwa tu, tusiwe na chuki."

Wachuka alimtazama mnyama. Akamtazama Njiru. "Na hii ni mbuzi?"

"Afande alisema mbuzi," Njiru alijibu. "Mimi nimeleta hii."

Alikuwa kondoo dume, mweupe, mnono, mkia umejaa mafuta.

Msomaji asiye wa huku atauliza kuna tofauti gani, nyama ni nyama. Kwetu, kuzunguka mlima wote, kuanzia Nyeri hadi Kirinyaga na Embu, tofauti ni kubwa. Mbuzi ni wa supu. Jirani anaweza kukuletea, shemeji anaweza kukuletea, hata adui akitaka kuonekana mwema. Kondoo dume hapelekwi hivyo kwa mtu aliyevunjwa mfupa. Anayempeleka ni yule aliyevunja. Kumpeleka ni kusema: damu hii nimeimwaga mimi, nakuomba tuisafishe. Inspekta, aliyekuwa mtu wa kutoka mbali, angemwona yule mnyama angesema vizuri, amepata hata mwenye mafuta zaidi.

Kahiga alijikokota mpaka mlangoni. "Koplo, hujakosea mnyama?"

"Sijakosea," alisema Njiru. Akaifunga kamba kwenye mti wa uzio, akaenda zake bila kunywa hata chai.

Wachuka alitaka kuanza safari ya kwenda sokoni dakika ileile kuwatangazia watu. Kahiga akamzuia. "Amekubali kwangu, Mama Wangechi. Hajakubali kwa korti."

"Basi si umuulize huko korti?"

"Nikimuuliza atafukuzwa kazi. Ndiye amekuja, wale wengine hawakukuja. Nimuumize yeye?"

"Na sisi ni akina nani?" alisema Wachuka. "Wewe huna watoto?"

Kahiga alishika magongo yake akarudi ndani. Kondoo hakuchinjwa. Mnyama wa namna hiyo huliwa na wote wawili, aliyeumiza na aliyeumizwa, baada ya neno kusemwa kwa mdomo, na neno halikuwa limesemwa. Wachuka akawa anamkatia majani ya napia kila asubuhi huku akimnung'unikia kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha Landrova.

Siku ya kesi korti ilijaa. Nusu ya wakulima wa Wamagana walikuwapo, pamoja na wale wa maharagwe. Kahiga hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani ameegemea gongo, koti la harusi limembana. Inspekta alikaa kwenye benchi la mbele, amekunja nne.

Shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa Koplo Njiru. Alisimama wima, akasema kama mtoto anayeghani shairi la shule: Landrova ilikuwa upande wake, mwendo wa wastani, mshtakiwa akaja kwa kasi akahama upande, haikuwezekana kumkwepa. Hakumtazama Kahiga hata mara moja. Alipomaliza, hakimu, mtu wa Kirinyaga aliyekuwa na kikohozi cha baridi, akamwambia Kahiga anaweza kumuuliza shahidi maswali.

Kahiga alikuwa amejiapia kwamba hatauliza. Usiku kucha alikuwa amejiapia. Lakini aligeuka kidogo akamwona Wachuka, safu ya tatu, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, mikono ameikumbatia kama mtu anayesikia baridi. Hakuwahi kumwona mke wake amenyamaza namna ile. Akapiga moyo konde.

"Koplo," alisema, "ile siku ulikuja kwangu, uliniletea mbuzi ama kondoo?"

Kiongozi wa mashtaka akacheka. Alisema hii ni kesi ya barabara, si ya mifugo. Inspekta naye akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ilikuwa mbuzi, zawadi ya utu kwa mgonjwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza.

Hakucheka mtu mwingine. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Shahidi, jibu swali."

Njiru angesema mbuzi, mambo yangeishia hapo. Angepanda Landrova jioni ile na cheo chake. Kila mtu humo ndani alilijua hilo, na Kahiga alilijua zaidi. Aliona aibu kwa kumweka kijana wa watu mahali pale, na wakati huohuo alikuwa akiomba kimoyomoyo kwa nguvu zake zote.

"Ilikuwa kondoo," alisema Njiru.

Mnong'ono ulipita kortini. Inspekta alitazama huku na huku, anatafuta ni nini kilichosemwa.

"Ulijua maana yake?" hakimu aliuliza.

"Nilijua, bwana hakimu. Hata kwetu Embu ni hivyo."

"Basi ieleze korti, ili iandikwe."

"Kondoo hupelekwa na mtu alimwaga damu." Njiru aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama Kahiga usoni. "Mimi ndiye nilimwaga yake. Nilipita lori kwa kona. Afande aliniambia nikanyage, amechelewa mkutano. Yale maneno ya kwanza ni ya afande, nilipewa nikayashika. Huyu mzee alikuwa upande wake."

Kahiga aliachwa huru siku hiyohiyo. Alipolisikia neno hilo, huru, mguu mzima ndio uliolegea, wala si ule mbovu, na ilibidi askari wa korti amshike kwapani. Alilia mbele ya wakulima wake bila kujificha. Wachuka akapata sauti yake tena na kumwambia askari amshike vizuri, huyo si gunia.

Hakimu aliagiza dereva ashtakiwe na mkubwa wake achunguzwe. Ningependa kusema mambo yalikwenda mbio. Karatasi zilitambaa, tena zikajificha, na ilibidi Wachuka akae kwenye veranda ya wakubwa wa polisi wilayani mara nyingi hadi wakachoka na mdomo wake. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Njiru alisimama kizimbani, akakubali kosa asisumbue mtu, akatozwa faini, akanyang'anywa leseni na cheo cha koplo. Inspekta naye alihukumiwa kwa kumfundisha shahidi uongo, akafukuzwa kazi. Nyeri hatukuwahi kuona polisi wawili wakijibia mguu wa mtu wa pikipiki. Landrova zikajifunza kona. Kwa muda, angalau.

Jumapili iliyofuata hukumu yake, Njiru alikuja Wamagana kwa miguu, ametapakaa vumbi hadi magotini. Kondoo akachinjwa. Walikaa mkabala, wawili hao, wakala kutoka sahani moja, na majirani wakaona.

"Hivyo dereva amegeuka mtu wa miguu," Wachuka alimtania, akimwongezea nyama.

Njiru alicheka kidogo, kisha akauliza, "Bwana shamba, mguu unauma bado?"

"Baridi ikikuja, unauma. Na wewe, watakurudishia leseni?"

"Baada ya miaka. Si kitu." Njiru aliutazama mfupa aliokuwa ameushika. "Tangu ile asubuhi sikuwa nalala. Nikifunga macho naona pikipiki inakuja. Ile siku nilisema kondoo, nilifika nyumbani nikalala na viatu."

Kahiga alisukuma sahani upande wa kijana, pale palipobaki nyama nzuri.

"Hata mimi," alisema. "Hata mimi nililala."